Jinsi ninavyofundisha uongozi kwa kutumia Taizong wa China na Henry VIII wa Uingereza

Zamani nilikuwa naanza na "sifa za kiongozi bora", mwadilifu, msikivu, mchapakazi, naandika ubaoni wananakili, habari imeisha, maana nani atabisha? Siku hizi naanza na swali moja tu: ukimwambia bosi hapana, yanakukuta yapi? Swali hilo nawapima nalo wafalme wawili, Taizong na Henry. Tenga vipindi viwili.

Hatua ya 1. Chora mistari miwili ya muda. China weka 626, 643 na 645, Uingereza 1509 (Henry anashika kiti), 1535 na 1540. Hakosekani wa kulalamika kwamba wamepishana miaka 900, mwambie ndio wamepishana, hatushindanishi nchi hapa.

Hatua ya 2. Simulia China, na usiwe na haraka. Mwaka 626 Li Shimin, mtoto wa mfalme, aliwavizia ndugu zake wawili kwenye lango la Xuanwu pale Chang'an, wakauawa, baba yao akaachia kiti na yeye ndo akawa Taizong. Usiiruke hii, ukiiruka darasa litamfanya malaika. Sasa yule kaka mtu, mkubwa kati ya hao waliouawa, alikuwa na ofisa wake, Wei Zheng, ambaye alishamshauri ammalize Shimin mapema. Akaletwa mbele ya mshindi, naye akamuuliza, kwa nini ulitugombanisha? Akajibu, marehemu angenisikiliza yasingemkuta haya.

Kata hapo hapo. Kila mtu aandike hukumu yake kwenye kikaratasi, wangu wengi huandika "anyongwe". Ukishavikusanya ndo uwaambie jamaa alipewa kazi, tena kazi yenyewe ni kumkosoa mfalme. Halafu wape ile ya kipanga: inasimuliwa kwamba Taizong alikuwa anamchezea ndege wake, akamwona Wei Zheng huyooo anakuja, akamficha kifuani ndani ya joho, na Wei Zheng kwa makusudi akarefusha maongezi mpaka ndege akafia humo humo. Watacheka sana, acha wacheke.

Hatua ya 3. Henry haraka haraka. Thomas More, aliyekuwa chansela wake, aligoma kumkubali mfalme kama mkuu wa kanisa, akakatwa kichwa Julai 1535. Thomas Cromwell yeye alikuwa mtu wa ndio mzee, naye kichwa kikaenda Julai 1540, siku ile ile mfalme anaoa mke wa tano! Baadaye Henry akaanza kulalamika kwamba wamemnyima mtumishi wake mwaminifu, kana kwamba si yeye aliyeridhia.

Hatua ya 4. Hapa ndo pagumu, rudi China. Wei Zheng alifariki 643, Taizong akalia kwamba amepoteza kioo chake, yaani mtu wa kumwonyesha makosa yake, ila haukupita muda akasikia maneno, akakasirika, jiwe la kaburi la mzee likaangushwa. 645 akaenda kuivamia Goguryeo kule Korea, mambo yakamshinda, akasema Wei Zheng angekuwepo asingeniacha niende, na jiwe likasimamishwa upya. Kwa hiyo usikivu wake ulikuwa unategemea ameamkaje? Wakikwama watajie Magna Carta ya 1215, ule mkataba wa Uingereza wa kumwekea mfalme mipaka, mfalme John alivyobanwa akubali mabaroni (wakubwa wenye ardhi) 25 wamsimamie, na Papa akaifuta ndani ya miezi mitatu. Kipi bora, mfalme msikivu au karatasi? Waache wabishane, ila mifano ya mkuu wa shule iache kama mlango uko wazi, nakwambia kutoka moyoni.

Kengele ikikaribia, warudishie vile vikaratasi vya "anyongwe", kila mmoja asome chake. Mimi hapo huwa nafuta ubao tu.