Ukishika maiki kiwanjani: namna ya kutangaza mpira wa wote, wake kwa waume

Assalam alaykum jamani. Haya nayaandika kwa yeyote anayeshika maiki kwenye bonanza, anayeposti matokeo kwenye grupu la timu, anayefundisha watoto wa skuli mpira, yaani kila ambaye maneno yake yanamfikia mchezaji. Mie natangaza mechi za mtaani huku Wete, Pemba, miaka mingi sasa, na zamani zilikuwa mechi za wanaume tupu kwa hiyo sikuwahi kukaa nikafikiria ninavosema. Siku hizi alasiri moja mnaanza na wasichana wa skuli halafu zinaingia timu za wakubwa, refa huyo huyo, kiwanja hicho hicho, watu wale wale chini ya muembe, ila midomo yetu bado inasema ya zamani.

Kwanza nieleze kilonibadilisha. Kulikuwa na beki wa kulia, binti wa miaka 13 au 14 hivi, mfupi, trakisuti nyeusi, ushungi kaubana vizuri. Alimpokonya winga mpira mara tatu mfululizo bila faulo, na ile ya tatu akauzungusha kwa kushoto akatoa pasi ndefu mpaka upande wa pili. Mie nikapiga kelele kwenye maiki, "jike dume huyo!" Wallahi nilikuwa namsifu. Watu wakacheka, vijana walokaa juu ya pikipiki wakalidaka neno wakaanza kumwimbia. Nikamuona kamtupia jicho babaake, na babaake kavua kofia anaikunja na kuikunjua mapajani, hamtazami. Kipindi cha pili yule mtoto hakumfuata mtu tena, mpira unapita mita moja mbele yake yeye kasimama. Wiki ya pili hakuja. Nilipokwenda kwao kuomba radhi mamaake alinambia kwa upole kabisa, "mwanangu, mtoto kaambiwa si mwanamke, na aliyemwambia ni wewe, na mtaa mzima ukasikia."

Tangu hapo nkaanza kujisikiliza.

Jambo la mwanzo la kujua, na hili lipokee kwa raha, Kiswahili chetu kimeshatufanyia kazi kubwa. Wenzetu wanaotumia Kiingereza wana mzigo khasa, maana maneno yao mengi ya mpira yana "mwanamme" ndani yake, mwenyekiti wa klabu ni chairman, mtunza uwanja groundsman, mshika kibendera linesman, mpaka yule mtoto anaeokota mipira ni ball boy. Sasa hebu nawe yaseme hayo hayo kwa lugha yetu: mwenyekiti, mtunza uwanja, mshika kibendera, waokota mipira, nahodha, kipa, beki, kiungo, mfungaji. Yuko wapi mwanamme hapo? Timu ikipewa kadi nyekundu Waingereza wanasema wamebaki wanaume kumi, sisi tunasema wako kumi, wako pungufu. Mchezaji akijiwa kwa nyuma sisi tunapiga kelele "mtu! mtu!" na mtu ni mtu. Kukaba ni mtu kwa mtu. Mchezo mzuri tunauita wa kiungwana, na uungwana hauna wa kike wala wa kiume. Hata mwalimu wa timu ni mwalimu tu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tunataka kuigeuza lugha, mwambie lugha iko sawa. Kazi yetu ni kupunguza, yaani yale maneno tuloyachomeka wenyewe juu ya lugha iliyokuwa safi ndo tuyatoe. Usibuni neno jipya hata moja. Kuna kijana mmoja alinifuata kwa nia njema kabisa akasema tuache "mwanasoka" na "mwanamichezo" kwa sababu yana "mwana", akidhani ni mtoto wa kiume. Mwana ni mtoto, na mwanamke mwenyewe ana mwana kwenye jina lake. Kuwa na pupa ya kurekebisha hata kisichoharibika kunawapa wapinzani la kusema.

Basi tuje kwenye ya kutoa.

La mwanzo ni hilo la jike dume, na ndugu zake: "anacheza kiume", "huyu si wa kike huyu". Tunadhani ni sifa, lakini ukiliangalia neno, unamwambia msichana kwamba ule uhodari ni mali ya wanaume kaazima. Badala yake sema alichofanya. Kapokonya, kageuka, katoa pasi ya mita 30. Hapo utangazaji wako wenyewe unakuwa bora maana msikilizaji alie mbali ameuona mpira. Na ukitaka neno la kusifu yamejaa tele yasiyochagua: fundi, jembe, kiboko yao, moto wa kuotea mbali. "Baba lao" liweke kwa akina baba.

La pili ndo baya zaidi na linatumika kwenye mechi za wanaume, pale mwalimu anapomfokea kijana wake "unacheza kama mwanamke", "acha uanamke". Pembeni ya uwanja wamekaa wasichana wamevaa jezi wanasubiri zamu yao. Wanasikia. Kama wewe ni mwalimu sema kosa: unachelewa kuachia mpira, unaogopa kugongana, miguu yako imelala. Kijana atajua cha kurekebisha, maana "acha uanamke" haimfundishi chochote, hajui asogee kushoto au kulia.

La tatu ni la mashabiki. Timu mnayoifunga kila siku mnaiita "wake zetu". Najua utani wa mpira ni utamu wake na mie sitaki kuuzima, ila hapa mke kawa jina la mtu wa kupigwa, halafu jioni tunarudi nyumbani kwa hao wake. Na neno la utani lipo tayari tena lina ladha zaidi: "wateja wetu". Mteja anakuja kila msimu kuchukua mzigo wake. Tumia hilo uone watu watakavocheka.

La nne ni la wanaoandika. "Warembo wa Zanzibar Queens waambulia kichapo," hiyo ni timu yetu ya wanawake. Kwani Zanzibar Heroes, timu ya wanaume, wakifungwa unaandika "watanashati wetu walala"? Andika wachezaji, andika kikosi, andika Queens. Majina ya timu yenyewe, Queens, Princess, hayo yaache, wenyewe wameyachagua na wanayapenda. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, nayo ni jina zuri sana maana twiga hajatwambia ni dume au jike.

La tano ni refa, na hapa nakaa kidogo. Akichezesha mwanamke watangazaji wengi tunasema "refa wa kike" kila anapopuliza filimbi. Mara moja mwanzoni inatosha ukimtambulisha kwa jina lake, kisha ni refa, mwamuzi, basi. Salima Mukansanga wa Rwanda alisimama katikati ya uwanja mwezi Januari 2022 kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Cameroon, mechi ya Zimbabwe na Guinea, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya mashindano hayo kama mwamuzi wa kati. Mwaka huo huo tarehe 1 Disemba Stéphanie Frappart wa Ufaransa akachezesha Costa Rica na Ujerumani kwenye Kombe la Dunia Qatar, na washika vibendera wake wote wawili walikuwa wanawake. Ukitangaza kitu kama hicho, kutaja kwamba ni mwanamke ni habari, kwa sababu ni mara ya kwanza, itaje. Dakika ya 60 akitoa kadi ya njano, kadi ile haina jinsia.

Na msimwite mama. Najua tunasema "mama" kwa heshima, Rais Samia mzaliwa wa Makunduchi watu wanamwita Mama na ile zawadi ya shilingi milioni 5 kwa kila goli aloitoa mwaka 2023 kwa Simba na Yanga ikaitwa goli la Mama, ni sawa, wadhifa wake na umri wake vinabeba. Lakini refa wa miaka 24 anapigiwa kelele "we mama we hujaona hiyo!" hapo pana heshima gani? Mwenzake wa kiume mbona hamumwiti "we baba"? Mwite refa. Ukitaka kumlalamikia mlalamikie kama refa, hata hilo ni haki yake.

Sasa wapi jinsia itajwe? Itajwe inapomsaidia msomaji kujua unazungumzia nini, na ukiitaja kwa upande mmoja itaje na kwa mwengine. Kwenye bango la ratiba usiandike "Fainali" na chini yake "Fainali ya Wanawake", andika fainali ya wanawake saa 9, fainali ya wanaume saa 10 na nusu, kila mtu ajue aje saa ngapi. Na rikodi ndo zinatuaibisha zaidi. Mtangazaji anasema kwa kujiamini kwamba hakuna aliyefunga magoli mengi Kombe la Dunia kumzidi Miroslav Klose, magoli 16. Mpaka kombe la 2022 hiyo ilikuwa rikodi ya Kombe la Dunia la wanaume. Marta wa Brazil, kwenye Kombe la Dunia la wanawake, anayo 17. Kwenye timu za taifa ni vile vile, tunabishana Ronaldo na Messi mpaka usiku wakati Christine Sinclair wa Canada kastaafu na magoli 190 ya timu ya taifa. Neno moja tu, "kwa wanaume", linaifanya sentensi yako iwe ya kweli. Hili ni suala la kusema kitu sahihi, mengine yote weka pembeni.

Watu watapinga, jitayarishe. Kwenye barza letu mzee mmoja alinambia haya mambo ya kizungu mnatuletea. Sikubishana nae mbele za watu, nilimuuliza tu ami, wewe yule mshika kibendera unamwitaje? Akasema lainzman. Nikamwambia lainzman ndo la kizungu, na wazungu wenyewe wameliacha tangu 1996, bodi ya sheria za mpira ilipoamua aitwe mwamuzi msaidizi, maana kazi yake ilishapita kuangalia laini tu. Mshika kibendera ndo letu. Akanyamaza akaomba kahawa nyengine. Bado anasema lainzman mpaka leo na simsahihishi, mzee wa miaka 70 anaongea anavotaka, maiki hana. Wa kumrekebisha ni yule ambae sauti yake inakwenda kwa watu 300, na mrekebishe faraghani baada ya mechi, ukimsahihisha hadharani atashikilia kwa ajili ya uso wake tu.

Wengine wataleta hoja ya dini. Jibu kwa adabu. Hakuna anayemwambia mtu afiche kuwa yeye mwanamke au mwanamme, tunachosema ni kutompachika mtoto wa watu jina la kumdhalilisha, na hilo sijawahi kuona sheikh akalipinga. Kwa huku kwetu mzazi anaeruhusu binti yake acheze ameshavuka maneno mengi ya majirani, usimuongezee jengine kutoka kwenye spika.

Na kuna watakaosema "mbona wao wasichana wenyewe wanaitana hivo?" Wanaitana wenyewe, kwa mapenzi yao, kama unavomwita rafiki yako jina ambalo mgeni hathubutu.

Kwa vitendo mie nafanya hivi. Nafika nusu saa kabla, nachukua orodha ya wachezaji na kuandika majina kwenye karatasi kwa mkono wangu, jina na nambari, maana mtangazaji asiejua jina ndo anakimbilia "yule dada" na "yule binti". Timu zote mbili, wanaume na wanawake, natumia namna moja, kama wanaume nawaita kwa majina mawili basi na wanawake majina mawili. Simu naiweka mfukoni inarikodi, usiku nasikiliza dakika kumi tu, natosheka. Mara ya mwanzo nilijisikia nikisema "dada" mara 14 kwenye hizo dakika kumi na "kaka" sikuisema hata mara moja. Usijiadhibu, lichague neno moja tu la kuacha wiki hiyo, wiki ijayo jengine, ukitaka kuyaacha yote siku moja utakuwa unababaika na mpira umeshaingia nyavuni.

Majina ya utani yana kazi yake, bila ya hayo mechi inapooza. Lakini uliza kabla. Unapita kwenye timu wakati wanafunga viatu unamuuliza kila mmoja anataka aitweje, dakika tano tu inakwisha. Wengine watakupa majina makubwa makubwa, yaseme yote, siku ni yao.

Yule beki alirudi mwezi ulofuata. Nilimkuta kachutama anafunga kamba za kiatu, nikamuuliza kama wenzake, leo nikwiteje mwanangu. Hakuinua uso. Akasema, "niite nambari mbili, kama unavomwita wa kule kwa wakubwa."