Somo: Kuandaa na kuuza darasa la ushonaji kwa simu, tukianza na sketi moja

Habari za wakati huu, mafundi wenzangu. Wengi mmeuliza mnunue kamera gani. Jibu liko huko mbele, tena fupi. Kwanza tukubaliane jambo moja: namna ya kukata sketi imejaa YouTube bure, na mtu hawezi kukulipa kwa kitu anachokipata bure. Anakulipa kwa sababu atakata, atapiga picha, atakutumia, na wewe utamjibu: "Dati la kushoto (ule mkunjo wa kushonwa unaobana kiunoni) limepinda, fumua." Unachouza ni masahihisho. Video inampeleka mwanafunzi hadi pale anapohitaji kusahihishwa.

Hatua ya 1: Chagua vazi moja

Usitangaze "kozi ya ushonaji". Ushonaji hauna mwisho, na mwenye hela yake anataka kujua atamaliza lini na atakuwa ameshika nini. Tangaza sketi ya penseli yenye zipu na bitana, ambayo mwanafunzi ataivaa mwenyewe wiki ya mwisho. Na useme wazi nani darasa halimfai. Asiyejua kabisa kukanyaga cherehani aanzie kwingine; ukimpokea kwa tamaa ya ada, zipu itamshinda na atawaeleza watu kuwa hujui kufundisha.

Hatua ya 2: Uza kabla ya kurekodi

Hapa ndipo wengi mtabisha. Andika tangazo la nusu ukurasa: vazi, muda, vifaa anavyopaswa kuwa navyo, ada, siku ya mwisho ya kujiunga. Liweke status, waambie wateja wako na muuza vitambaa wako. Wakilipa watu watano, wafundishe hao watano kwa sauti na picha za papo kwa papo, bila video hata moja iliyoandaliwa. Waambie ukweli kwamba ni kundi la kwanza, wapunguzie ada, na waahidi kurudishiwa hela darasa lisipofanyika.

Maswali yao yatakuonyesha video za kurekodi. Fundi mzoefu ameshasahau mambo yanayomsumbua anayeanza. Utadhani shida itakuwa zipu, kumbe nusu ya darasa hawajui waikunje nguo upande gani kabla ya kukata. Na wasipotokea wa kulipa, umepoteza tangazo tu.

Hatua ya 3: Ikate kazi vipande, kila kipande na zoezi lake

Sketi yetu ina vipande saba: kupima, kuchora kwenye karatasi, kukata, dati na mishono ya pembeni, zipu, bitana na mkanda wa kiuno, pindo. Kila kipande kina video yake na picha ambayo mwanafunzi lazima aitume kabla ya kuendelea.

Chukua kuchora. Mwenye kiuno cha inchi 28: robo yake ni 7, ongeza 1 ya dati, ongeza nusu inchi ya mshono, unapata 8.5. Onyesha hesabu hiyo mara moja kwa kipimo chako, kisha nyamaza. Zoezi: kila mtu afanye kwa kiuno chake, apige picha ya karatasi ikiwa na futikamba juu yake. Futikamba ni muhimu kwenye picha, maana bila hiyo huwezi kujua kama inchi 8.5 zake ni kweli 8.5. Akikosea hapo, amepoteza karatasi. Ukimwacha akosee kwenye kitambaa, umemtia hasara ya mita nzima na huenda usimwone tena.

Kuhusu urefu wa video: mwaka 2014 watafiti Guo, Kim na Rubin walichunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakakuta muda wa kati wa kutazama hauvuki dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Kwa hiyo zipu isiyoonekana igawe mara mbili: kuishikiza kwa mkono, halafu kuipitisha cherehani. Salamu ndefu za mwanzo ondoa. Mtu ameshalipa, hana haja ya kubembelezwa.

Hatua ya 4: Rekodi

Simu uliyonayo inatosha. Ifunge juu ya meza itazame chini, ionyeshe mikono na kitambaa. Sura yako haishoni. Tumia kitambaa cha rangi moja na uzi wa rangi tofauti ili mshono uonekane. Zima feni, tumia kipaza sauti cha waya wa masikioni. Picha yenye ukungu watu huvumilia, sauti mbovu hawavumilii.

Punguza ukubwa kabla ya kutuma. Video ya dakika 6 ikihifadhiwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde huwa kama MB 45, na mwanafunzi wako anahesabu bando. WhatsApp ikiharibu ubora, tuma kama dokumenti.

Hatua ya 5: Panga ada kwa saa zako

Tuseme kusahihisha picha moja kunachukua dakika 10 pamoja na kujibu kwa sauti. Wanafunzi 20, mazoezi 7, ni dakika 1,400, yaani zaidi ya saa 23. Ukitoza shilingi 25,000 unapata 500,000, kisha toa bando, vitambaa vya mfano na matangazo. Jiulize: saa hizo 23 ungekaa kwenye cherehani ungepata ngapi? Ukiona hailipi, pandisha ada au punguza mazoezi. Kuongeza watu hakusaidii, kwa sababu watu 60 ni saa 70, na hapo utaanza kujibu "vizuri sana" bila kutazama picha.

Hatua ya 6: Pokea malipo na fungua darasa

Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, ni bora kuliko namba yako binafsi: hela ya darasa haichanganyiki na ya sukari. Aliyelipa anaingizwa kundini siku hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Morogoro: Shikamoo mwalimu. Wanalipa halafu hawafanyi mazoezi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Hilo liko dunia nzima. Kwenye kozi za mtandaoni za Harvard na MIT, mwaka wa masomo 2017/18, waliomaliza walikuwa 3.13% ya washiriki wote. Kwa waliolipia ili wapate cheti kilichothibitishwa walikuwa 46%. Hela inasaidia, lakini peke yake haitoshi. Zoezi la kwanza liwe jepesi kupita kiasi: ajipime kiuno na nyonga, aandike, atume picha usiku uleule alioingia. Aliyenyamaza siku tatu, mpigie faraghani. Usimtaje kundini.

Mwanachama, Mwanza: Dada, mtu akinunua akasambaza video zangu bure?

Atasambaza. Telegram ina uwezo wa kuzuia kuhifadhi na kusambaza, lakini simu ya pili hurekodi kioo cha ya kwanza. Taja jina la darasa ndani ya video zikutangaze zinakokwenda. Masahihisho yako hayasambazwi.

Mwanachama, Nairobi: Kwa nini nisiweke Udemy tu, lile soko la kozi mtandaoni?

Weka ukitaka, kaka, ila soma mgawo. Mnunuzi akiletwa na Udemy yenyewe, mwalimu anapata 37%; akija kwa kuponi yako mwenyewe, 97%. Bei huko hupunguzwa mara kwa mara. Kama wateja unawaleta wewe, na wanataka kusahihishwa, sioni faida kubwa.

Mwanachama, Dodoma: Naweza kutoa cheti?

Cha kumbukumbu kwamba mtu amemaliza darasa lako, ndiyo. Usikiite cheti cha ufundi kinachotambuliwa, huo ni udanganyifu. Anayetaka kutambuliwa rasmi mwelekeze VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo. Na picha za sketi za wanafunzi usizitangaze bila ridhaa yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Mwanachama, Muscat: Mie niko Oman, darasa lako la saa 2 usiku nitaliwahi? Na ada na vipimo je?

Huko mko mbele kwa saa moja, bibie, kwa hiyo kwako ni saa 3 usiku. Ada anaweza kukulipia ndugu aliye nyumbani kwa Lipa Namba, ila anitumie na jina lako. Inchi au sentimita, futikamba yoyote itafaa, mradi usichanganye.