Kutambuliwa kwa shahada ya nje nchini Tanzania: kazi inayoanza kabla ya safari

Matangazo ya nafasi za kazi yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hubeba sharti ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: mwombaji aliyesoma nje ya Tanzania ahakikishe kuwa vyeti vyake vimehakikiwa na kuidhinishwa na mamlaka husika. Sharti hilo lina uzito wa kweli. Mwezi Aprili 2017, baada ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ilitangazwa kuwa watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo hakuna mwajiri makini anayeridhika na karatasi yenye muhuri mzuri peke yake. Anayeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni kijana mwaminifu aliyesoma kwa bidii miaka minne ugenini, akarudi na shahada halali, kisha akakwama kwa sababu ya jambo ambalo lingerekebishwa kwa siku chache kabla hajapanda ndege.

Kwanza ni lazima kujua nani anashughulikia nini. Shahada, iwe ya kwanza, ya uzamili au ya uzamivu, hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, iliyoanza kazi 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, ikichukua nafasi ya Baraza la Ithibati lililokuwapo tangu miaka ya tisini. Vyeti vya sekondari vilivyotolewa na mitaala ya nje hupelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, ili vipatiwe ulinganifu, yaani kuonyeshwa vinalingana na kiwango gani hapa nchini. Stashahada na astashahada za ufundi ziko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano, msomi wa Zanzibar naye hupeleka shahada yake TCU.

Tume hiyo hiyo ndiyo inayotoa ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora, kwa vyuo vya ndani, na kuuelewa mtazamo wake hapa nyumbani husaidia kuelewa jinsi inavyopima shahada ya nje. Chuo kikuu cha Tanzania hakitoshelezwi na majengo na jina: hupitia hatua za leseni ya muda hadi kufikia ithibati na Hati Idhini, na kila programu yake nayo huchunguzwa peke yake. Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu, shahada ya kwanza iko ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Hivyo shahada ya nje inapofika mezani hutazamwa kwa namna hiyo hiyo. Je, chuo kilichoitoa kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake? Je, programu ilikuwa na muda na mzigo wa masomo unaolingana na ngazi inayodaiwa? Na je, mwenye shahada aliingia chuoni akiwa na sifa zinazostahili?

Swali la kwanza unaweza kulijibu mwenyewe kabla ya kulipa ada yoyote. Usiitegemee tovuti ya chuo wala maneno ya wakala. Nenda kwenye orodha ya mamlaka ya nchi husika. Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kenya ina Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu, Nigeria ina Tume ya Taifa ya Vyuo Vikuu, na India ina tume yake, UGC, ambayo hata huchapisha orodha ya vyuo bandia ili wanafunzi wavikwepe. Marekani inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu huko serikali kuu haitoi ithibati yenyewe. Hutolewa na asasi binafsi, na kinachopaswa kuangaliwa ni kama asasi hiyo inatambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani au na baraza liitwalo CHEA. Chuo kinaweza kusema kwa herufi kubwa kuwa kina ithibati, kumbe asasi iliyoitoa haitambuliwi na yeyote.

Swali la tatu, la sifa za kuingilia, ndilo linalowaangusha wengi, na ningependa msomaji alisome mara mbili. Hapa nchini mwanafunzi wa kidato cha sita huingia shahada ya kwanza kwa kuwa na angalau alama mbili za ufaulu wa kiwango cha juu (principal pass) katika masomo yanayohusiana na programu, na udaktari wa binadamu hudai zaidi ya hapo. Mwenye stashahada huingia kwa wastani wa ufaulu uliowekwa. Vyuo kadhaa vya nje humpokea mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne tu, baada ya kozi fupi ya maandalizi. Chuo kikaridhika, mwanafunzi akafurahi, lakini njia hiyo huleta maswali mazito atakaporejea. Kwa hiyo linganisha sifa zako na vigezo vya Tanzania kwa programu unayoikusudia, na kabla ya kuondoka omba TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi. Katika hatua hiyo chuo na programu huangaliwa mapema, wakati kosa bado halijagharimu miaka. Kama unapitia kwa wakala, hakikisha amesajiliwa na Tume.

Kwa aliyesoma sekondari kwa mtaala wa nje, kazi ya kwanza ni NECTA. Jambo hili huwashangaza wazazi: mtoto aliyesoma Dar es Salaam au Arusha katika shule inayofuata mtaala wa Cambridge anahitaji ulinganifu sawa na aliyefanya mtihani wake wa KCSE Nairobi, kwa kuwa kinachotazamwa ni mtihani, si mahali ilipo shule. Bila ulinganifu huo, hata maombi ya chuo cha ndani hayasongi.

Ukisharejea na shahada, andaa jalada kabla ya kujaza maombi katika mfumo wa mtandaoni wa Tume. Weka cheti cha shahada chenyewe pamoja na nakala ya matokeo ya kila mwaka wa masomo, vyeti vya kidato cha nne na cha sita au stashahada uliyoingilia, barua ya udahili, na kurasa za pasipoti zenye viza na mihuri inayoonyesha kuwa kweli uliishi ulikosoma. Kama ni uzamili, shahada ya kwanza nayo iwemo, kwa maana ngazi ya juu haiwezi kusimama bila ile iliyoibeba. Nyaraka za Kichina, Kirusi au Kiarabu zifasiriwe na chombo kinachotambulika. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hufanya kazi hiyo.

Halafu majina. Mtanzania huandikishwa shuleni kwa majina matatu, vyuo vya nje hutumia mawili au huyageuza mpangilio, na dada aliyeolewa akiwa masomoni hurejea na ukoo mwingine kabisa. Niliwahi kukaa na binti mmoja wa familia yetu siku nzima tukitafuta namna ya kueleza herufi moja iliyokosewa kwenye cheti chake, na tulijifunza kuwa ni rahisi mno kuomba chuo kirekebishe jina kabla ya mahafali kuliko baada yake. Pale ambapo majina yametofautiana tayari, tengeneza hati ya kubadili jina na kuisajili kwa Msajili wa Hati, kisha iambatanishe.

Wapo wanaoamini kuwa shahada za Kampala, Nairobi au Kigali hazihitaji utaratibu huu, kwa sababu wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017. Tangazo hilo limerahisisha kulinganisha mifumo, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala linalisimamia kwa bidii, lakini uamuzi kuhusu shahada ya mtu mmoja mmoja bado hufanywa na mamlaka ya nchi anakotaka kuitumia.

Utambuzi wa TCU, hata hivyo, si leseni ya kazi. Daktari ataendelea hadi Baraza la Madaktari kwa ajili ya utarajali na usajili; mhandisi atakwenda Bodi ya Usajili wa Wahandisi; mwanasheria anayetaka kuwa wakili atapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Kila chombo kina masharti yake, na baadhi yake huhusu masomo mahususi uliyosoma, kwa hiyo waandikie ukiwa bado mwaka wa kwanza, ungali na nafasi ya kuongeza somo linalokosekana. Barua za majibu yao zitunze katika jalada lile lile.