Somo: Kukagua bruchi kuukuu ya fedha na enameli kabla ya kutoa pesa

Ndugu zangu, wengi mnaonitumia picha za bruchi, ile pini ya pambo ya kubania mtandio, mnauliza kwanza: ina mhuri, yaani alama ndogo zinazothibitisha fedha? Nawaomba muanze na enameli. Fedha iliyopinda hunyooshwa na bawaba iliyokatika huungwa, lakini enameli ikishabanduka, kuirudisha ni kazi ngumu na ya gharama.

Mfano wangu ni bruchi za kampuni ya Charles Horner ya Halifax, Uingereza, za mwanzoni mwa karne ya 20: mabawa na majani yanayojipinda, bluu ikiingia kwenye kijani kama shingo ya tausi.

Hatua ya 1: Enameli. Huu ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya fedha kwenye tanuri, joto likikaribia nyuzi 800 za Selsiasi. Kaa dirishani, uiinamishe bruchi polepole mpaka mwanga upite juu yake kwa ubavu. Hapo ufa mwembamba kama unywele hujitokeza. Igonge taratibu kwa ukucha: kioo hulia kikavu, plastiki hutoa sauti butu. Niliwahi kununua moja kwa muuzaji mmoja bila kuichunguza. Nyumbani, chini ya lenzi, nikaona viputo na kijani kilichovuka ukingo wa fedha. Kilikuwa kiraka cha plastiki. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo silipi kabla ya kushika lenzi.

Hatua ya 2: Mgongo. Pini isiyumbe kwenye bawaba. Ukiona donge la kijivu lisilong'aa, hiyo ni lehemu laini ya fundi wa baadaye. Haistahimili joto la tanuri, kwa hiyo bruchi hiyo haichomwi tena enameli ilivyo.

Hatua ya 3: Mhuri. Simba anayetembea ni fedha ya sehemu 925 kwa 1000. Alama nyingine hutaja mji ilikopimwa fedha: nanga ni Birmingham. Miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester, ambako ofisi ya kupima fedha ilifungwa mwaka 1962. Bruchi nyingi za Horner zilipigwa mhuri huko, pamoja na herufi C.H. Ukisoma EPNS, hiyo imepakwa fedha tu.

Hatua ya 4: Neno "kazi ya mkono". Kiwanda cha Horner kilitumia mashine kwa wingi, ingawa mitindo yake iliiga kazi ya mkono. Ni bruchi nzuri na nazipenda, ila usilipie jasho la nyundo ambalo halikuwepo.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Bruchi ya marehemu bibi imekuwa nyeusi. Niisugue kwa dawa ya meno?
Marahaba mwanangu. Hapana, ina chembe zinazokwaruza. Futa fedha kwa kitambaa laini kikavu, uizunguke enameli. Usiichemshe wala kuiloweka, maji yataingia kwenye nyufa. Weusi ulio ndani ya nakshi uache, ndio unaoichora.

Sumaku haikuivuta. Basi ni fedha?
Bado. Shaba nayo haivutwi. Na sumaku ikivuta sindano peke yake, usiitupe: sindano za chuma zipo hata kwenye bruchi za fedha halisi.

Sonara wa mtaani kwetu kaipima kwa gramu, bei aliyonitajia ni ndogo mno. Niuze?
Usiuze, dada. Yeye amepima fedha ya kuyeyusha tu. Bruchi kama hiyo huwa na gramu chache tu, thamani yake iko kwenye enameli na mhuri.

Muuzaji katuma picha ya mbele tu, anataka nilipe leo.
Mwombe tatu zaidi: mgongo, mhuri kwa karibu, na enameli ikipigwa mwanga wa ubavuni. Akikataa, mwachie bruchi yake.