Kanali Kurtz ni nani? Jinsi ya kumchambua kupitia maofisa wa kweli

Unapomchambua Kanali Kurtz, ofisa wa Marekani anayeliasi jeshi lake katika filamu ya Vita vya Vietnam, Apocalypse Now (1979), usimtafutie mtu mmoja aliye nyuma yake, maana hayupo. Mgawe kwanza: cheo na kikosi, kosa analoshtakiwa, namna anavyotawala, na jeshi linavyomtendea. Kisha kila sehemu itafutie ofisa wake.

Kosa ndilo rahisi. Kurtz anadaiwa kuamuru kuuawa kwa Wavietnamu wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, akiwashuku kuwa majasusi wa pande mbili. Julai 1969, Kanali Robert Rheault, kamanda wa Kikosi Maalumu cha 5 cha Marekani huko Vietnam, alikamatwa pamoja na maofisa wake kwa kifo cha Thai Khac Chuyen, aliyeshukiwa jambo hilohilo. Kurtz na Rheault wote walisomea West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani.

Utawala unahitaji subira zaidi. Vile vichwa vilivyotupwa kwenye ngazi za ngome ya Kurtz havitoki Vietnam, vinatoka Kongo, kama lilivyotoka jina lenyewe, kwenye riwaya ya Joseph Conrad ya 1899, Heart of Darkness. Humo Kurtz ni mnunuzi wa pembe za ndovu, wala si mwanajeshi. Mwanajeshi alikuwa Kapteni Léon Rom, Mbelgiji wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, huko Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1895 msafiri mmoja aliandika kwamba Rom amepamba bustani ya maua mbele ya nyumba yake kwa vichwa 21 vya watu. Hapo kagua tarehe: habari hiyo ilichapishwa 1897, ikarudiwa London Desemba 1898, Conrad akiwa ndiyo kwanza anaanza kuandika. Bila njia kama hiyo ya habari kumfikia mwandishi, andika "wanafanana" na uishie hapo.

Wengi humtaja pia Anthony Poshepny. Yeye alikuwa mtu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kule Laos. Anafaa kwenye utawala wa watu wa milimani, kwenye cheo hafai.

Tofauti nazo ziandike, tena kwa uangalifu. Rheault hakuasi wala hakujitenga na jeshi lake, na kumbebesha ya Kurtz ni kumdhulumu. Septemba 1969 mashtaka yalifutwa kwa sababu CIA ilikataa kutoa mashahidi, naye akastaafu. Kurtz anatumiwa kapteni wa kumuua kimyakimya. Njia zote mbili zinaizuia kesi isifike mahakamani, na uchambuzi wako uanzie hapo.