Kupekua hataza za mashine za kubangua korosho bila kulipa senti

Mafundi wa huku Masasi wakinijia huwa na swali moja: nikiichonga hii mashine, nitashtakiwa? Jibu linategemea hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza alichobuni. Tufungue simu kwanza tuzitafute, fundi. Bando la kawaida linatosha, ingawa michoro huonekana vizuri zaidi kwenye kompyuta.

Anzia Google Patents, tovuti ya Google ya kutafutia hataza. Ukiandika "cashew machine" peke yake utapata takataka nyingi, maana waandishi wa hataza ni wajanja wa maneno: mmoja atasema "nut" tu bila kutaja korosho, na kubangua ataita shelling, husking au decorticating. Jaribu yote. Wabrazili nao huandika "castanha de caju", na ukiwasahau hao umeacha mengi. PATENTSCOPE, tovuti ya WIPO (Shirika la Miliki Ubunifu Duniani), inaweza kuyapeleka maneno yako kwenye Kireno, Kichina na lugha nyingine kabla ya kutafuta.

Ila mimi naamini msimbo kuliko maneno. Kila hataza hupangwa kwenye fungu lake, na mashine za kubangua korosho, karanga na jamii zake ziko A23N 5/00. Uingize Espacenet, tovuti ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, pamoja na neno cashew, halafu bonyeza tafsiri kwa zile za Kichina. Tafsiri yenyewe ni ya mashine, inachekesha, lakini mchoro hauhitaji mkalimani.

Ukipata inayofanana na yako, usihangaike na muhtasari. Nenda kwenye madai (claims), yaani sehemu inayotaja hasa kinacholindwa, dai la kwanza. Tuseme linasema: mashine yenye mnyororo wa kubeba korosho, visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la ganda, na springi inayorudisha kisu cha juu. Vyote vitatu vinahesabika kwa pamoja. Yako ikiwa na visu hivyo bila springi wala kitu cha kufanya kazi yake, kwa kawaida iko nje ya dai hilo. Soma na madai mengine yanayojitegemea, yaani yasiyorejelea dai jingine, kisha pima.

Sasa herufi zinazoanza namba ya hataza. CN ni China, BR Brazili, IN India, AP ni ARIPO ya Harare, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika. WO ni ombi la kimataifa, bado ni ombi tu, na mwenyewe ana miezi 30 au zaidi tangu ombi la kwanza kuamua aingie nchi zipi. Hataza hulinda pale iliposajiliwa tu: ya China pekee haikuzuii kutengeneza na kuuza Mtwara, ila usiipeleke mashine hiyo China. Nyingi pia zimekufa kwa kutolipiwa ada, na hizo ni michoro ya bure. Google huonyesha hali yake kwa kukisia, kwa hiyo hakikisha kwenye daftari la nchi husika. Zenye AP angalia kama Tanzania imetajwa. Kwa Bara waulize BRELA, Zanzibar waulize BPRA, ndizo ofisi za usajili za serikali.

Ukitaka picha kubwa, tovuti ya Lens.org hukuchorea grafu za nani anaomba, wapi na mwaka gani. Miaka ya karibuni itaonekana mitupu kuliko ilivyo, kwani ombi hukaa siri takribani miezi 18.

Na kama kisu chako hukukiona popote, usikirushe TikTok kabla hujawasilisha ombi. Ukishakionyesha hadharani, upya wake, ambao hataza huutaka, unaweza kuwa umekwisha.