Chupa tatu za tope la Usangu, na glavu ndani ya pipa la mionzi

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya mionzi na Kidato cha Nne hapa Mbeya, mkono wa kwanza kunyooshwa huuliza kuhusu urani, madini ya mionzi, ya Mkuju kule Namtumbo. Hakuna anayeuliza kuhusu glavu, na mimi nataka waulize glavu.

Pipa la taka hafifu za mionzi kutoka kituo cha nyuklia halijajaa mawe yanayong'aa. Limejaa glavu, ovaroli za pamba, karatasi za kufutia, vipande vya mbao. Pamba, karatasi na mbao ni selulosi, na selulosi ni chakula. Pipa likizikwa na maji yakapenya, vijidudu vinakaa mezani. Mlo huo unaweza kuonyeshwa darasani kwa chupa tatu za maji za lita moja na nusu, bila chembe ya mionzi. (Taka za mionzi za nchi yetu zinatunzwa Arusha na Tume ya Nguvu za Atomiki. Ukikuta chuma chenye alama ya mionzi kwenye vyuma chakavu, usikiguse, toa taarifa.)

Anza na tope. Chota mwezi wa tatu, majaruba ya mpunga yakiwa bado na maji. Mimi hushukia Chimala, bonde la Usangu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia aliniuliza, "Mwalimu, tope lote hilo unafinyanga vyungu?" Zamisha mkono hadi kiwiko. Tope la juu, la kahawia, limezoea hewa. Unalolitaka ni la chini, la kijivu, lenye harufu kidogo. Lifunike kwa maji ya jaruba hilohilo. Maji ya bomba yana klorini, yatakuharibia kazi kabla hujaanza.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Kanga kuukuu inafaa, lakini choma uzi wake kwanza: pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu, polista inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Mwaka wangu wa kwanza sikuchoma uzi. Nilisubiri miezi mitatu vijidudu vile plastiki.

Kila chupa itie tope hadi theluthi, gramu 20 za vitambaa vilivyokatwa upana wa kidole, gazeti kidogo lililochanwa, kisha maji ya jaruba, ukibakiza nafasi ya vidole vinne juu. Chupa ya kwanza iache hivyo. Ya pili ongeza vijiko viwili vikubwa vya unga wa jipsamu wa dari, uliokorogwa kwanza kwenye maji mengi usigande. Ya tatu ni ya chokaa. Nanunua ya Songwe, iliyokwisha kuzimwa, maana chokaa ambayo haijazimwa ikikutana na maji huchemka na kuunguza mikono. Muuzaji aliuliza kama ni ya ukuta au ya choo. Nilipomwambia ni ya kufundishia akaniongezea kopo zima. Ndaga (asante), baba. Tia kijiko kimoja kimoja ukitikisa, na kila mara chovya karatasi uliyoipaka binzari ya manjano. Ikigeuka nyekundu ya kahawia, ongeza vijiko viwili vingine, kisha pima tena kesho yake, kwa sababu tope hupunguza makali ya chokaa usiku.

Toboa kifuniko, pitisha mpira wa dripu, ziba kwa gundi, na ncha ya pili izame kwenye glasi ya maji. Usifunge chupa bila mpira. Yangu ilipasuka, na alama za tope ziko kwenye dari ya maabara hadi leo. Funika chupa kwa gunia jeusi, uziweke mahali penye joto. Baridi yetu ya Juni inalaza kila kitu, ndiyo maana zangu hukaa stoo ya jikoni kwa wapishi.

Sasa tazama, na hapa usiwe na haraka. Vijidudu humaliza kwanza oksijeni. Ikiisha, vinapumulia naitreti, yaani vinaitumia mahali pa oksijeni, kisha chuma, na tope linazidi kuwa la kijivu. Kisha salfeti, ambayo imo kwenye jipsamu: chupa ya jipsamu inaanza kupata madoa meusi kama masizi, nayo ni salfaidi ya chuma, pamoja na harufu ya yai viza. Salfeti ikikosekana, kama kwenye chupa ya kwanza, zamu inafika kwa vijidudu vinavyotengeneza methani, gesi inayowaka, na glasi inaanza kutoa viputo. Kwangu ni wiki ya tano hivi. Usiwashe kiberiti karibu, na usiinamie chupa ya pili kunusa.

Mpangilio huu una maana kubwa kwenye shimo la taka. Mwaka 1991 Derek Lovley na wenzake Marekani walionyesha kwamba bakteria wanaopumulia chuma wanaweza kupumulia urani pia, na urani hiyo ikaacha kuyeyuka kwenye maji, ikatulia. Upande wa pili, methani, kwa kuwa ni gesi, inaweza kubeba kaboni-14, kaboni yenye mionzi, ambayo nusu-uhai wake (muda wa nusu yake kuoza) ni miaka 5,730.

Chupa ya tatu, ya chokaa, itanyamaza. Wanafunzi husema, "Basi mwalimu, tujaze saruji tu." Mashimo mengi hujazwa saruji kweli, na saruji ina ukali uleule wa chokaa. Lakini ukali huo wenyewe, bila kijidudu chochote, huvunja selulosi na kutoa asidi ya isosakariniki, ambayo hushika nikeli na plutoniamu na kuzifanya zisafiri na maji. Na ukimya hauwi wa kudumu. Pale Harpur Hill, Uingereza, kwenye mabaki ya tanuri za zamani za chokaa, watafiti walipata bakteria waliozoea ukali huo, wanaoila asidi hiyohiyo. Finland nako, kwenye kituo cha nyuklia cha Olkiluoto, jaribio la mapipa halisi ya taka ndani ya tangi la chuma lilianza 1997. Maji ya tangi yalikuwa na ukali wa saruji, ila ndani ya mapipa kulikuwa na sehemu zenye ukali nafuu, na methani ikatoka.

Chupa mbili za kwanza zimwage nje, penye upepo, kwenye shina la mgomba. Ya tatu mimi siimwagi. Nina moja ya mwaka 2021 kabatini, na kila Januari naichovya karatasi ya binzari. Mwaka huu wekundu ulichelewa kutokea, na kwenye glasi nilihesabu viputo viwili.